Wenye mbwa Malindi: masika haya mwapita wapi, na tope mwalifanyaje?

Baba_Watasema (mwenye uzi)

Salaam wanajamvi. Nauliza kwa dhati. Wenye masihara wakae pembeni kidogo, nitawaita mwishoni.

Naishi Malindi, upande wa kutokea mjini kuelekea mto Sabaki. Mwaka juzi Muitaliano niliyekuwa nikimtunzia nyumba alirudi kwao moja kwa moja, akaniachia vitu vitatu: friji, baiskeli isiyo na breki, na mbwa. Friji ilikufa, baiskeli niliiuza, mbwa yupo. Alikuwa na jina refu la kwao, mimi nikamwita Watasema, kwa sababu nilijua watasema, na wamesema. Shida ya kwanza ikawa lugha. Nikimwambia "njoo" ananitazama kama karani uliyemfuata dirishani saa saba kamili. Nikimwambia "vieni" anakuja mbio. Basi mtaani kwetu kuna mtu mzima mwenye kofia ya vito anayesimama njiani akipiga kelele za Kiitaliano, na watoto nyuma yake wanaitikia.

Kiangazi hatuna neno. Tunatoka alasiri, tunashuka pwani, tunarudi. Kazi ni masika. Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote huku kwetu, na mbwa hajui kalenda. Asipotembezwa anatafuna viatu. Ameshamaliza champali mbili za mke wangu, zote za kulia.

Sasa sikilizeni ya Jumapili. Mvua ilikata alfajiri. Nikangoja hadi saa moja na nusu, maana viboko wa Sabaki hupanda usiku kula majani na asubuhi mapema ndio wanarudi majini, na kiboko hampishi mtu njia. Nikavaa gambuti, nikamfunga mnyama mkufu, tukashika barabara ya Lamu. Kabla ya daraja tukakata kulia, kijia kinachopita makondeni kuelekea mlangoni mwa mto.

Nataka niwaambie kitu kuhusu tope, maana siku ile nililisoma kama msahafu. Tope si moja. La barabarani ni jepesi, rangi ya chai ya maziwa, bodaboda akipita unapata sehemu yako mpaka kwenye nyusi. La makondeni ni zito, linanata. Kila hatua kiatu kinaongeza soli, nikafika kwenye mwembe wa kwanza nimekuwa mrefu kwa inchi mbili na nimechoka kama niliyebeba jiwe. Watasema yeye alikuwa peponi. Alikuwa mweupe tulipotoka nyumbani. Alipofika mtoni alikuwa na soksi nne, baadaye suruali, baadaye koti zima.

La tatu ndilo lililonimaliza. Maji yalikuwa yamekupwa, tena siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mlango wote wa mto uko wazi, ndege wametapakaa. Chini ya michu, ile mikoko, tope lina ngozi juu kama maziwa yaliyopoa. Ukilitazama utasema ni sakafu. Mbwa akaona ndege, akavuta, mkufu ukaniponyoka mkononi, akapita juu ya ile ngozi kama hana uzito. Mimi nikamfuata. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikaingia hadi gotini. Nikavuta mguu wa kulia, wa kushoto ukashuka zaidi. Nikaita "vieni! vieni!" Akaja. Akakaa mbele yangu, ulimi nje, akitazama kama aliyelipa kiingilio.

Huku nazama, akili ilinipeleka pengine kabisa. Mto huu ndio ule ule Athi, unatoka juu huko karibu na Nairobi, unapita Ukambani, unaitwa Galana, unafika kwetu ukiwa Sabaki. Udongo wote huo wa watu unakuja kumwagwa Malindi. Ndio maana mvua zikinyesha bara bahari yetu inageuka rangi ya matofali. Nikasema sasa mimi Mgiriama wa watu nazikwa Malindi kwa mchanga wa Machakos.

Akatokea kijana mvuvi na wavu begani. Hakucheka, Mungu amlipe. Akasema, "Mzee usivute. Kaa chini, lala nyuma, utikise mguu polepole maji yaingie." Nikalala. Na nilipolala chali ndipo Watasema alipoona ametangaziwa mapenzi, akanilamba uso mzima, shavu hadi shavu. Mguu wa kulia ukatoka na buti lake. Wa kushoto ukatoka mtupu. Gambuti la kushoto limebaki chini kule.

Nilipofika nyumbani mke wangu alitazama miguu, akatazama uso, akaweka ndoo ya maji nje ya mlango, akafunga.

Maswali yangu: mnapita wapi wakati huu? Mbwa akirudi na tope mnamsafisha vipi? Na masheikh, ile ya kulambwa uso nimeosha mara saba, udongo nilikuwa nao wa kutosha. Imetosha?

Kaa_la_Mchanga

Pole sana mzee. Lakini wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wewe je, ufuko hukuuona?

BintiKibokoni

Mimi sicheki. Kaka, pole, lakini umepita haraka pale "mkufu ukaniponyoka". Mwanangu ana miaka minane, kila siku anapita njia hiyo hiyo kwenda chuoni, na mbwa akikurupuka yeye anakimbia, na mtoto akikimbia mbwa anafukuza. Mwaka jana aliumwa na mbwa wa mtu, si wewe, na mwenyewe akasema "huyu haumi, anacheza". Tulimaliza sindano zote hospitalini, nauli ya tuktuk juu yangu. Huyo Watasema amechanjwa? Ana kitu chochote cha kuonyesha?

Baba_Watasema

Dada yangu, una haki, na pole kwa mtoto. Amechanjwa, kadi ninayo, ya mwaka huu. Mkufu ni kosa langu, nilikuwa nimeushika kwa vidole badala ya kuuzungusha mkononi. Tangu Jumapili nimefunga kamba ya mashua, kitanzi kinaingia kiganja kizima. Na mtaani simwachii hata siku moja, ni kule mtoni tu.

BintiKibokoni

Haya. Kamba ya mashua nimekubali.

Daktari_wa_Mbuzi

Nafanya kazi ya mifugo, nitachangia kwa upande wangu.

Kwanza kwa dada hapo juu. Umefanya sawa kumpeleka mtoto. Kwa wengine: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, kabla hata ya kutafuta nauli, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, tazama saa, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, ila ukiwahi sindano kinazuilika. Mbwa achanjwe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ulizeni ofisi ya mifugo kama kuna chanjo ya bure siku zile, mara nyingi huwepo.

Sasa tope. Tope lenyewe halimdhuru mbwa, ni vinavyosafiri nalo. Masika majani yanapanda, na kupe nao. Akirudi mwoshe kwa maji matupu, mkaushe, halafu mpapase kwa vidole: ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani, chini ya mkia, katikati ya vidole vya miguu. Hapo katikati ya vidole ndipo watu wanaposahau. Ukimkuta kupe, kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja. Msimpake mafuta ya taa, msimchome kwa sigara! Kupe akiteswa hutapika ndani ya mbwa vile alivyobeba, na ndiyo homa mnayoniletea baada ya wiki mbili, mbwa hali, ufizi umekuwa mweupe.

Halafu madimbwi. Asinywe maji yaliyotuama. Mkojo wa panya unaingia humo na unaleta ugonjwa unaompata mbwa na mtu pia. Tanzania mwaka 2022 ulipozuka Lindi waliuita homa ya mgunda. Wewe mwenye uzi uliyetembea na mguu mtupu kutoka mlangoni mwa mto, ukipata homa na misuli ya mashavu ya miguu ikauma, usiseme ni uchovu. Mweleze daktari kwamba ulizama topeni.

Na kinyesi kiokoteni jamani. Minyoo ya mbwa na paka huangulia kwenye mchanga wenye unyevu, mtu akipita pekupeku inaingia ngozini na kuchora mistari inayowasha. Watalii wanakuja kwetu kuogelea wanarudi kwao na ramani kwenye nyayo.

Kaa_la_Mchanga

Ramani kwenye nyayo 😂 daktari una maneno.

Ustadh_wa_Barazani

Assalaam alaykum. Nimecheka, nikaomba istighfari, nikacheka tena.

Ndugu yangu, sisi wengi pwani hii ni Shafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, mate yake na mwili wake. Lakini najisi haihami baina ya vitu viwili vikavu. Ndiyo maana kiangazi huna tabu naye na masika una tabu: umajimaji ndio unaobeba. Umelambwa, basi ni kuosha mara saba, mojawapo iwe na udongo. Hapa ndipo nina neno na wewe: huo udongo uwe safi. Tope lililokuwepo usoni wakati mbwa analamba halihesabiki, maana nalo limelambwa. Ulichota udongo mwingine? Kama hukuchota, rudia.

Ila nikupe faida. Vitabu vyetu vya fiqhi vinasema maji yakiwa yamechafuka kwa udongo yenyewe, hakuna haja ya kutia mchanga mwingine, na mfano wanaoutoa ni mto Naili siku za mafuriko. Sabaki ya Mei ni nini kama si hiyo? Ungejitia usoni maji yale yale ya mto mara saba pale pale ukaondoka umetakasika. Tatizo ni mamba tu.

Na tope la njiani, lile la bodaboda, lisikutie wasiwasi. Lina msamaha, hata kama huna hakika limepitiwa na nini, maadamu huoni najisi yenyewe kwa macho.

Kwa wale wanaomsema: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wana ruhusa katika hadithi, na wanazuoni wetu wengi wameingiza na wa kulinda nyumba. Wa mapambo tu ndiye mwenye lawama. Na watu wa pango katika Suratul Kahf mbwa wao ametajwa, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kizingitini, ndugu yangu. Si sebuleni.

Baba_Watasema

Ustadh, nilitumia tope lile lile. Naenda kurudia sasa hivi, mke wangu anasoma uzi huu juu ya bega langu na ameshaleta ndoo.

Mpwani_wa_Baridi

Jamani mmenikumbusha nyumbani. Mimi ni mtoto wa Mambrui, nipo Uingereza, kaunti ya Yorkshire, kazi yangu kulea wazee majumbani. Bibi ninayemlea ana mbwa, na bibi hawezi tena kutembea, kwa hiyo kazi ya mbwa nimepewa mimi juu ya mshahara ule ule.

Ninyi mnalalamikia masika? Njooni Desemba. Jua linatoka saa mbili na kitu asubuhi na saa kumi kasorobo jioni limeshazama, na baina ya hapo si jua, ni kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta. Mvua haipigi kwa nguvu kama kwetu ikakata. Inanyunyiza siku nne. Mashamba yanakuwa uji. Pale penye geti ng'ombe wamekanyaga hadi pakawa bwawa, na geti lazima ulipite, hakuna pengine. Tope lao ni baridi, hilo ndilo msiloweza kulijua mkiwa Malindi. La kwetu likiingia kiatuni ni uji wa vuguvugu. La huku likiingia, vidole vinaaga. Asubuhi nyingine linakuwa gumu kama zege kwa barafu, unashukuru, kufika saa sita limeyeyuka tena.

Lakini kuna jambo limenishangaza mpaka leo. Kijia kinapita katikati ya shamba la mtu, mtu mwenyewe yuko pale na trekta, na mimi mweusi wa watu na mbwa wa kibibi napita mbele yake, ananipungia mkono. Ni haki ya kisheria, njia ikishaandikwa kuwa ya watu wote mwenye shamba haruhusiwi kuiziba. Nikakumbuka vijia vyetu vya kushukia baharini tulivyopita utotoni, leo ukuta, kesho ukuta.

Nayo ina masharti. Penye kondoo mbwa afungwe. Sheria yao ya 1953 inamtia hatiani mwenye mbwa anayesumbua mifugo, na mkulima anaweza hata kumpiga risasi mbwa akimkuta anaua kondoo na hana njia nyingine ya kumzuia. Basi mimi hata kondoo akiwa mlima wa pili naushika mkufu kwa mikono miwili.

Halafu daktari amesema tope lenyewe halina neno. Huku wana ugonjwa wa mbwa uliogunduliwa kwao 2012, wanauita kwa jina la Alabama ya Marekani. Vidonda miguuni, halafu figo zinakufa. Chanzo hawajakipata, ila wengi wanaugua kati ya Novemba na Mei na wengi walikuwa wametembezwa kwenye misitu ya tope. Kwa hiyo kila tukirudi bibi ananiuliza kwa sauti kutoka kitandani: "Umemwosha miguu?" Yangu haulizi.

Daktari_wa_Mbuzi

Huo nimewahi kuusoma, kwetu sijauona. Kuosha ni jambo jema hata hivyo.

Ndia_ya_Amu

Sisi huku Amu, Lamu kwenu, tunawasoma tu kama watu wanaosoma habari za theluji. Mbwa ndani ya muyi ni nadra kumuona, paka ndio wenye mitaa. Na ndia zetu mwazijua, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Tope letu la masika si udongo kwa hakika, ni kazi ya punda iliyochanganyika na mvua, linateremka kutoka juu mlimani kwenda usita wa mui, ile ndia kuu, na kufuata mfereji mpaka pwani. Buibui zinapandishwa, kanzu zinapandishwa, na mwenye makubadhi mapya anajuta. Umesema tope lako la tatu lina ngozi kama maziwa? Letu lina na harufu.

Swali langu moja: huyo mbwa ukimkemea kwa Kiswahili sasa anasikia?

Baba_Watasema

"Toka!" anasikia vizuri. "Njoo" bado.

Shamba_la_Juu

Naona watu wamejibu yote isipokuwa njia, na ndilo swali la kwanza la mzee.

Mwenye mbwa asiende Arabuko-Sokoke. Ule ni msitu wa hifadhi, mle ndani kuna sengi mwenye matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye ni nadra kumpata kwengineko duniani, mbwa mmoja aliyefunguliwa atawamaliza. Na kando ya Sabaki masika usiende kabisa, si tope tu. Mto ukijaa mamba wanasogea hadi makondeni, na mbwa anayerukaruka ukingoni kwa mamba ni sahani inayojileta.

Masika fuateni mchanga. Vuka daraja, shuka upande wa Mambrui, kule kwenye vilima vya mchanga karibu na bahari. Mvua inyeshe usiku kucha, asubuhi mchanga umeshakunywa maji yote na umekuwa mgumu mzuri wa kukanyaga, kuliko hata kiangazi unapozama kifundoni. Kuna mivinje ya kujikinga ikinyesha. Tazama maji kwanza, nenda yakipwa. Na upepo wa kusi siku hizo ni mkali, mchanga unapiga macho, ya mbwa zaidi maana yapo chini. Mimi naenda saa kumi alasiri, mwendo wa saa moja, nikirudi napitia kwa mama mmoja ana viazi karai na chai ya tangawizi. Mbwa anabaki nje. Kizingitini, kama alivyosema Ustadh.

Kama ni lazima upite makondeni, acha gambuti. Gambuti likijaa ni nanga. Vaa akala za tairi, tope linaingia na kutoka, na ukizama mguu unatoka na kiatu chake.

Kaa_la_Mchanga

Uzi ufungwe, akala zimeshinda.

Mpwani_wa_Baridi

Mama wa viazi karai, jamani. Acheni kunitesa.

Baba_Watasema

Wanajamvi, nimerudi na habari. Jana nimekwenda Mambrui kama nilivyoelekezwa, kwa akala na kamba ya mashua. Maji yamekupwa, mchanga mgumu, kusi inavuma mpaka kofia nikaiweka mfukoni. Watasema alikimbia mpaka masikio yakageuka ndani nje. Amerudi mkavu, nimerudi mkavu, mke wangu akafungua mlango bila kuulizwa.

Tukiwa njiani, pale darajani, nikaitwa. Yule kijana mvuvi. Ana gambuti langu mkononi, la kushoto, anasema bamvua imelitoa lenyewe na limekutwa limesimama wima juu ya fungu kama lina mguu ndani. Nikamshukuru, nikampa ya chai. Nimelimwaga nyumbani: tope vikombe viwili, na kaa mmoja mzima amekasirika kwelikweli.

Nikaliweka barazani likauke, nikaingia kuoga. Natoka, gambuti la kulia, lile lililobaki salama siku zote hizi, limetafunwa hadi kisigino.

Kuna mtu Malindi mwenye la kulia, saizi nane?